Barua pepe ya bure: Funguo za biashara yako ziko kwa nani?

MNUNUZI wa pamba mkoani Shinyanga, sawa na mnunuzi wa dhahabu huko Geita, ana siri tatu ambazo hazitamki sokoni. Ya kwanza ni bei ya mwisho anayoweza kutoa. Ya pili ni kiasi cha fedha alichonacho. Ya tatu ni siku atakayosafiri na fedha hizo. Siri ya kwanza ikivuja, mshindani anaongeza shilingi chache na kuondoka na mzigo. Ya tatu ikivuja, hasara inaweza isiishie kwenye mzigo, kwa kuwa jambazi hana haja ya kujua zaidi ya hapo.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa, siri za namna hiyo zimekuwa zikiandikwa katika barua pepe za bure, kwanza za Hotmail na Yahoo, kisha za Gmail, huduma ya kampuni ya Google ya Marekani. Wafanyabiashara, wachimbaji wadogo na vyama vya ushirika wamezipokea kwa furaha kwa sababu hazina ada. Hata hivyo, lipo swali ambalo huko Marekani lilizua mjadala mkali tangu mwaka 2004 na ambalo mfanyabiashara wa Kahama au Katoro naye anapaswa kujiuliza. Ikiwa huduma ni ya bure, anayeilipia ni nani, na barua zinasomwa na nani?

Enzi za bahasha na S.L.P.

Ili kulielewa swali hilo ni vema kukumbuka jinsi barua zilivyokuwa zikifika vijijini. Hapakuwa na tarishi wa kupita nyumba kwa nyumba. Mwenye uwezo alikodi sanduku lake posta, na asiye na uwezo alitumia S.L.P. ya shule, ya parokia au ya chama cha msingi. Barua ya mkulima ilipita kwanza mikononi mwa mwalimu au katibu wa chama ndipo imfikie mwenyewe. Watu walijua kuwa fulani amepata barua kutoka Mwanza, na asiyejua kusoma alilazimika kumwomba mwingine amsomee.

Faragha ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na mlinzi mmoja, nayo ni bahasha. Ikifunguliwa njiani, karatasi iliyochanika ilitoa ushahidi, na mwenye barua alijua pa kuanzia kuuliza.

Barua pepe haina bahasha ya aina hiyo. Mtu mwenye neno la siri la mwenzake anaweza kusoma barua zote, akaondoa hata alama inayoonyesha kwamba zimesomwa, na mwenyewe akazikuta kama zilivyokuwa. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na ndiyo inayofanya suala hili liwe la biashara badala ya kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao.

Siku 30 za Hotmail

Hotmail ilianza Julai 1996, na Yahoo ikafuata mwaka 1997. Desemba mwaka huo huo Hotmail ilinunuliwa na kampuni ya Microsoft. Uzuri wa huduma hizo ulikuwa kwamba mtumiaji hakulazimika kuwa na kompyuta yake. Mashine yoyote yenye intaneti ilimtosha.

Jambo hilo liliufaa sana ukanda wa Ziwa. Katika miaka hiyo biashara ilikuwa ikibadilika kwa kasi. Ununuzi wa pamba ulikuwa umefunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, baada ya miaka mingi ya kuwa mikononi mwa vyama vikuu vya ushirika kama SHIRECU. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Wafanyabiashara wa vipuri, vyakula na usafirishaji walihitaji kuandikiana na watu wa Dar es Salaam, Nairobi, Dubai na China, na simu za nje zilikuwa ghali.

Waliokuwa mjini walikwenda katika intaneti kafe zilizotumia laini ya simu ya TTCL au dishi la setilaiti. Mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009 tu, hivyo kabla ya hapo mawasiliano yalikuwa ya polepole na malipo yalihesabiwa kwa muda. Huko Sengerema, kwenye njia ya kutoka Mwanza kwenda Geita, kilianzishwa kituo cha mawasiliano cha jamii mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mashirika ya kimataifa likiwamo UNESCO. Ilikuwa nafuu kubwa, hasa ikikumbukwa kuwa siku hizo kati ya Mwanza na Sengerema watu walivuka ziwa kwa kivuko, miaka mingi kabla ya daraja la Kigongo-Busisi kufunguliwa mwaka 2025.

Lakini masanduku hayo ya bure yalikuwa madogo. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2004, Hotmail ilitoa nafasi ya megabaiti 2 na Yahoo megabaiti 4. Picha moja au mbili za mashine ya kukoboa mpunga, zilizopigwa kwa kamera ya dijitali, zilitosha kulijaza sanduku, na barua iliyofuata ilirudishwa kwa aliyeituma. Aidha, Hotmail iliweka sharti kwamba asiyefungua sanduku lake kwa siku 30 barua zake hufutwa. Kwa mkulima anayefika mjini msimu hadi msimu, sharti hilo lilikuwa na maana kwamba kila akirudi anakuta sanduku tupu, na anwani ya mnunuzi aliyeandikiana naye imekwenda na maji.

Sanduku mara 500

Aprili 1, 2004, Google ilitangaza huduma yake ya Gmail. Kwa kuwa ilikuwa siku ya wajinga duniani, wapo waliodhani ni utani, kwa sababu nafasi iliyoahidiwa ilikuwa gigabaiti 1 kwa kila mtu. Hiyo ilikuwa takribani mara 500 ya nafasi ya Hotmail na mara 250 ya ile ya Yahoo. Huduma hiyo, iliyobuniwa na mhandisi Paul Buchheit, ilimwambia mtumiaji kuwa hana haja ya kufuta barua tena. Aziache zote, na akihitaji moja aitafute kwa neno lolote analolikumbuka.

Kujiunga hakukuwa rahisi. Mtu alihitaji mwaliko kutoka kwa aliyekwisha kujiunga, na mialiko ikawa bidhaa hadi ikauzwa kwa makumi ya dola katika mnada wa eBay. Hivyo aliyekuwa Geita au Shinyanga alimtegemea ndugu aliyeko masomoni, au rafiki aliyeko ng'ambo, amkumbuke kwa mwaliko. Milango ilifunguliwa kwa watu wote Februari 2007.

Ukubwa huo ulikuwa na bei yake. Mitambo ya Google ilipitia maneno yaliyomo ndani ya kila barua na kuweka pembeni matangazo yanayoendana nayo. Mtu akiandikiwa kuhusu pampu ya maji, huenda angeona tangazo la pampu. Watangazaji ndio waliolipa ada ambayo mtumiaji hakutozwa.

Ndani ya wiki moja, asasi za kutetea faragha na haki za walaji, ambazo baadaye zilifika 31, ziliiandikia Google zikitaka huduma hiyo isimamishwe. Hoja zao zilikuwa nzito. Walisema haikuwa wazi barua zingehifadhiwa kwa muda gani, na kwamba taarifa za barua zingeweza kuunganishwa na zile za huduma nyingine za kampuni hiyo. Zaidi ya hayo, walisema mtu aliyejiunga alikuwa amekubali masharti, lakini aliyemwandikia kutoka anwani ya huduma nyingine hakukubali chochote, na barua yake ilipitiwa vile vile. Seneta Liz Figueroa wa jimbo la California aliandaa muswada wa kudhibiti jambo hilo, ingawa haukufikia kuwa sheria.

Google ilijibu kuwa hakuna binadamu anayesoma barua hizo, na kwamba kazi hiyo hufanywa na mtambo kama ule unaochuja barua taka na virusi. Iliendelea na utaratibu huo kwa miaka 13. Juni 2017 ilitangaza kuwa ingeacha kutumia maneno ya barua za Gmail kuchagua matangazo. Matangazo yenyewe hayakuondoka, ila sasa hutegemea taarifa nyingine za mtumiaji. Mitambo bado hupitia barua ili kuzuia taka na virusi. Mwaka 2018 iliripotiwa nchini Marekani kuwa baadhi ya watengenezaji wa programu za nje, walioruhusiwa na watumiaji wenyewe kwa kubofya tu bila kusoma, waliweza kufikia barua zao.

Kijana wa kaunta

Mjadala wa Marekani ulihusu mtambo ulio mbali. Kwa mfanyabiashara wa ukanda wa dhahabu, hatari ya kwanza ilikuwa karibu zaidi, ndani ya chumba kile kile alichokaa akiandika.

Katika intaneti kafe, kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa siku. Aliyesahau kutoka kwenye sanduku lake alimwachia anayefuata kila kitu. Kompyuta nyingi zilikuwa na uwezo wa kukumbuka neno la siri, na zilihitaji mbofyo mmoja tu kulihifadhi. Zipo pia programu za kificho zinazorekodi kila kinachobofywa. Zaidi ya hayo, mteja asiyeijua kompyuta alifunguliwa sanduku na kijana wa kaunta, ambaye ndiye aliyelitunga neno la siri na kuliandika kwenye kipande cha karatasi.

Tuchukue mfano wa mwenye karasha kule Nyarugusu, anayeagiza vipuri kutoka China. Kijana anamfungulia sanduku, anamwandikia barua, anampokelea profoma na kumchapishia. Anajua anachoagiza, anajua bei, anajua siku atakayokwenda benki. Yawezekana ni kijana mwaminifu kabisa. Lakini biashara nzima imeegemea uaminifu wa mtu ambaye hakuajiriwa kwa kazi hiyo, hana mkataba, na mwezi ujao anaweza kuwa amehamia Runzewe.

Intaneti kafe zimepungua tangu simu za kisasa zilipoenea, lakini kaunta haijaondoka. Imehamia kwenye duka la steshenari. Tangu mwaka 2018 usajili wa majina ya biashara na kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) hufanyika kwa mtandao. Maombi ya leseni za madini nayo yana mfumo wake wa mtandaoni, na anayetaka zabuni za Serikali anajisajili katika mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Katika mifumo kama hiyo barua pepe ndiyo njia ya kupokea taarifa. Mwenye duka la steshenari anamfungulia mteja barua pepe, anajaza fomu, na neno la siri linabaki kwenye daftari la duka au kwenye simu yake.

Madhara yake huonekana baadaye. Aliyesahau neno la siri la mfumo fulani hutumiwa njia ya kulibadili kupitia barua pepe. Kwa hiyo mwenye funguo za barua pepe ndiye mwenye funguo za milango mingine iliyounganishwa nayo. Mchimbaji anayegombania kitalu na mbia wake, au familia inayogawana biashara ya marehemu, inaweza kugundua kuwa taarifa zote zinakwenda kwenye sanduku ambalo hawalifungui.

Namba ya akaunti iliyobadilishwa

Wizi unaowaumiza zaidi wafanyabiashara duniani kupitia barua pepe hauhitaji utaalamu mkubwa. Mwizi akishaingia kwenye sanduku hakimbilii kuiba. Anakaa kimya na kusoma. Anasubiri hadi profoma ifike na mnunuzi akaribie kulipa, kisha anatuma barua inayofanana kabisa na za muuzaji, yenye nembo ile ile, akisema benki imebadilika na fedha zitumwe kwenye akaunti mpya. Mnunuzi analipa, muuzaji hapati kitu, na kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilipokea taarifa za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na udanganyifu wa aina hiyo kwa mwaka 2023 peke yake.

Mtaji wa mwenye karasha hauwezi kuhimili pigo la namna hiyo hata mara moja. Kwa mkulima wa mpunga au alizeti aliyechanga fedha na wenzake kununua mashine ya kukoboa au kukamua, hasara huambatana na aibu mbele ya kikundi.

Sheria inasemaje

Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa kwa maisha yake binafsi na hifadhi ya mawasiliano yake binafsi. Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria mahsusi ya kuitekeleza haki hiyo kwa upande wa taarifa za watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Hivyo anayefungua sanduku la mwenzake kwa siri ni mhalifu, hata kama neno la siri alilitunga yeye.

Hatua kubwa zaidi ilikuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024. Wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume, kuzitumia kwa lengo lililokusudiwa tu, na kuzilinda. Mwenye taarifa ana haki ya kujua kilichokusanywa, kutaka kirekebishwe, na kukataa kisitumike kumtangazia biashara. Akiona ameonewa anaweza kulalamika kwa Tume.

Chama cha ushirika kinachoandika majina, namba za simu na akaunti za wakulima wake kinapaswa kujua kuwa orodha hiyo si mali ya katibu. Ikitumwa ovyo kwa barua pepe, lawama itarudi kwa chama.

Mambo ya kufanya

Kwanza, neno la siri litungwe na mwenyewe na libadilishwe mara tu baada ya kusaidiwa na mtu mwingine. Liwe refu, na lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Asiyeweza kulikumbuka aliandike kwenye karatasi na kuiweka nyumbani pamoja na hati zake, si dukani.

Pili, uwashwe uthibitisho wa hatua mbili, ili anayeingia kwa simu au kompyuta mpya aombwe pia namba inayotumwa kwa simu ya mwenyewe. Namba hiyo ya simu iwe hai na iliyosajiliwa kwa jina lake, kwani laini iliyoachwa muda mrefu hupewa mteja mwingine, na pamoja nayo uwezo wa kufungua sanduku.

Tatu, mwenye kampuni, kikundi au chama awe na anwani ya shughuli hiyo, isiyochanganywa na ile ya mtu binafsi. Katibu akiondoka, neno la siri libadilishwe siku hiyo hiyo, kama vile kufuli la ghala linavyobadilishwa.

Nne, barua yoyote inayosema akaunti ya benki imebadilika ithibitishwe kwa kupiga simu, kwa namba iliyojulikana tangu zamani na si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo. Simu ya dakika mbili kwenda Guangzhou ni nafuu kuliko kontena lisilofika.

Tano, siku ya kusafiri na fedha au dhahabu isiandikwe kabisa. Tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza, sababu za kubeba mzigo umbali mrefu na kupangana siku kwa maandishi zimepungua.

Mwisho, sanduku lifunguliwe mara kwa mara. Siku 30 za Hotmail zimepita, lakini tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na barua na picha zilizomo. Profoma, mikataba na stakabadhi muhimu zichapishwe na kuwekwa kwenye faili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wengi, daftari hilo sasa limo ndani ya sanduku la barua pepe, na aliyelifungua kwa niaba ya mwenyewe bado anakumbuka neno la siri.